Nasaha kwa Tabibu wa Meno Anayeazimia Ubingwa wa Mizizi

Mtu wa Fataki, huku Djugu katika mkoa wa Ituri wa Kongo, akishikwa na jino usiku, aghalabu hustahimili mpaka kupambazuke kwa kusukutua maji ya chumvi, kisha akajikokota siku kadhaa kwa vidonge vya kutuliza maumivu anavyonunua sokoni, na yanapomzidi ndipo aendapo hospitali, ambako, ikiwa yupo mtu wa meno na ikiwa njia siku hiyo inapitika kwa amani, jino hung'olewa na habari yake ikakoma hapo. Simlaumu mgonjwa huyo, wala simlaumu aliyeling'oa. Tangu vita viliporejea katika nchi ya Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wa huko wamehama, wakarudi, wakahama tena. Hospitali ya Fataki yenyewe imewahi kulazimika kusimamisha kazi na kuwahamisha wagonjwa kwa sababu ya vitisho vya wenye silaha. Na katika hali kama hiyo jino la mtu mmoja huonekana kuwa jambo dogo mno la kushughulisha wakubwa. Lakini jino hilo huenda likawa la msichana wa miaka 16, naye ataishi na pengo hilo umri wake wote uliobaki, na magego ya jirani yatainama polepole kuelekea palipo wazi, na upande ule wa kinywa hautatafuna tena sawasawa.

Makala haya nimeyakusudia kwa vijana wachache waliokwisha kuhitimu udaktari wa meno, iwe Kinshasa, iwe Makerere au kwingineko, ambao asili yao ni Fataki, Linga, Rethy, Drodro au Bunia, na ambao wana azma ya kuendelea na masomo mpaka wawe mabingwa wa kutibu mizizi ya meno. Wako watakaowaambia kwamba elimu hiyo ni anasa ya miji mikubwa. Rai yangu ni kinyume cha hayo, nami naitoa mapema ili msomaji asiingojee: safari hiyo ni ya haki na ina haja, kwa sharti kwamba mwanafunzi achague chuo kwa wingi wa kazi atakayoifanya kwa mkono wake mwenyewe mbele ya macho ya mwalimu, na kwa kadiri kazi hiyo itakavyoweza kutendeka Ituri, asivutwe na umaarufu wa mji wala uzuri wa jengo.

Kwanza na tuelewane juu ya ilimu yenyewe, maana wengi huiomba kabla hawajaijua. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinachoshuka ndani ya mizizi kwa mifereji myembamba. Uozo ukipenya tabaka la nje na la ndani hata ukakifikia kiini, kiini huvimba mahali pasipo nafasi ya kuvimbia, na hayo ndiyo maumivu yasiyomwacha mtu alale. Baadaye hufa, maumivu yakatulia kwa muda, mgonjwa akadhani amepona, ilhali vijidudu vinaendelea kushuka hata kwenye mfupa wa taya na kufanya usaha. Mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote, na meno ya panya wa kawaida. Katika hawa wa pili viini vilikufa na majipu yakatokea, na katika wale wa kwanza viini viliishi, hata vikajijengea ukuta mpya juu ya tundu. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba kazi ya tabibu wa mizizi ni kuviondoa vijidudu na kuvifungia njia visirudi, na kila chombo anachouziwa akipime kwa kazi hiyo.

Na ilimu hii haikupata heshima yake kwa urahisi. Mwaka 1910 tabibu mmoja Mwingereza, William Hunter, alihutubia chuo cha McGill huko Montreal, akashutumu vikali madaraja na vifuniko vya dhahabu vilivyojengwa juu ya mizizi michafu, akidai kwamba uchafu huo ndio asili ya maradhi mengi ya mwili. Neno lake likaenea kupita kiasi, na kwa miaka mingi meno mengi yaliyoweza kutibiwa yakang'olewa kwa hofu. Waliosimama kuitetea tiba ya mizizi walijibu kwa picha za eksirei na kwa uchunguzi wa maabara, wakaunda chama chao huko Marekani mwaka 1943, na mwaka 1963 ubingwa wao ukatambuliwa rasmi nchini humo. Nimeyataja haya ili kijana ajue kwamba lawama ya Hunter haikuwa ya uongo mtupu: mzizi uliotibiwa bila usafi kweli ni hatari, na aliyejifunza nusu anaweza kumdhuru mgonjwa kuliko yule aliyeng'oa.

Basi, uandikiapo chuo, uliza maswali ya mtu anayekwenda kufanya kazi. Uliza mwanafunzi hutibu magego mangapi kabla ya kuhitimu, kwa kuwa meno ya mbele yenye mfereji mmoja ulionyooka hayamfundishi mtu ubingwa. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu lakini mara nyingi mifereji minne, na huo wa nne hujificha katika mzizi wa mbele upande wa shavu, ndio unaoachwa na wengi, na ndio unaomrudisha mgonjwa na maumivu yale yale baada ya miezi. Uliza mwalimu mmoja husimamia wanafunzi wangapi. Uliza kama wanafundishwa kurudia tiba zilizoharibika, kama wanafundishwa upasuaji wa ncha ya mzizi, na kama kuna darubini ya kutibia, ambayo katika mafunzo ya ubingwa huko Marekani imekuwa lazima tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Kisha uliza swali ambalo wengi huliona dogo: je, kila jino hutibiwa likiwa limetengwa kwa kitambaa cha mpira? Kitambaa hicho kilibuniwa na Sanford Barnum huko New York mwaka 1864, ni chepesi, huingia mkobani, hakihitaji umeme, nacho huzuia mate yasiingie ndani ya jino na huzuia sindano ndogo za chuma zisimezwe. Chuo kinachokipuuza, japo kiwe na mashine za thamani namna gani, mimi singemshauri mtu akilipe senti moja.

Sasa tuje kwenye mahali pa kwenda, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa subira, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wazazi zinapopotea. Aliyesoma kwa Kifaransa, moyo wake kwa desturi huelekea Ufaransa au Ubelgiji. Lakini Ufaransa haikuihesabu tiba ya mizizi kuwa ubingwa rasmi unaojitegemea. Ubingwa unaotambuliwa huko katika udaktari wa meno ni wa kupanga meno, wa upasuaji wa kinywa na wa tiba ya kinywa kwa ujumla, na aliyesoma tiba ya mizizi katika chuo kikuu cha huko hupewa diploma ya chuo, iliyo na thamani ya ilimu na pengine thamani kubwa, ila haimpi jina la bingwa mbele ya sheria. Ubelgiji nayo hutambua mabingwa wa kupanga meno na wa fizi. Uingereza, kwa upande wake, ina orodha rasmi ya mabingwa wa mizizi, na mafunzo yake huchukua miaka 3 ya muda wote. Walakini njia hiyo kwa mgeni ni nyembamba na ni ghali sana. Afrika Kusini, yenye vyuo vya meno vya kutegemewa, haina daftari la peke yake la mabingwa wa mizizi, na kazi hiyo huangukia zaidi kwa mabingwa wa meno ya bandia. Kwa hiyo, kabla hujauza shamba la baba, andikia kwanza mamlaka za Kongo zinazosajili matabibu, uwaulize kwa maandishi cheti utakachokuja nacho kitasomwaje, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi vilevile.

Karibu na kwetu iko njia ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, na shule ile leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho hutoa shahada ya uzamili katika tiba ya kurejesha meno, ndani yake ikiwemo tiba ya mizizi pamoja na kuziba na kufunika meno. Mtu anaweza kusema kwamba huo sio ubingwa wa mizizi mtupu, naye atakuwa amesema kweli. Lakini kwa atakayekuwa peke yake katika eneo zima kama Djugu, mimi naona upana huo ni fadhila, kwa sababu jino lililosafishwa mizizi lisipofunikwa vizuri juu huvuja na kuoza upya. Ray na Trope walionyesha mwaka 1995, kwa kuchunguza picha za meno zaidi ya 1,000 yaliyokwisha kutibiwa, kwamba ubora wa kizibo cha juu una uzito mkubwa katika afya ya mzizi kuliko wengi walivyodhania. Tena huko Dar es Salaam mgonjwa husema Kiswahili, hivyo tabibu wa Ituri hupungukiwa na shida ya kuelewana na anayemtibu, ingawa darasa ni kwa Kiingereza na sharti ajiandae kwa hilo mwaka mzima kabla ya kwenda. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Basi uliza chuoni kama Mkongo hulipa ada ya raia wa Jumuiya au ya mgeni, kwa kuwa tofauti ya ada hizo huweza kuwa kubwa.

Asiyetaka kuacha Kifaransa na azitazame Dakar na Abidjan, ambako vyuo vikuu vina idara za meno za miaka mingi na hutoa vyeti vya masomo maalumu katika tiba ya kuhifadhi meno na mizizi. Ni mbali, na nauli ya ndege ni mzigo. Lakini maisha ya wagonjwa wa huko, joto lao, umaskini wao na upungufu wa vifaa vyao vinafanana na vyetu, na mwanafunzi hujifunza pia namna ya kutenda vema pasipo kila kitu. Kozi za siku mbili au tatu zinazotolewa na wauza vifaa sizikatazi kwa aliyekwisha kuwa na msingi, bali asizihesabu kuwa ubingwa.

Katika hesabu ya fedha watu huandika ada, nauli na chakula, wakasahau vifaa. Sindano za kusafishia mizizi huchakaa, na za aina ya nikeli na titani, zilizoanza kuchunguzwa mwaka 1988 na zikaleta wepesi mkubwa katika mifereji iliyopinda, huweza kukatikia ndani ya jino zikitumiwa kupita kipimo chake. Basi zihesabu kama unavyohesabu ganzi na glavu, kitu cha kununuliwa upya daima. Uliza ni vifaa gani chuo hutoa na ni vipi mwanafunzi hujinunulia. Fauka ya hayo, ikiwa hospitali, kanisa au idara ya afya itakusaidia kwa mkataba wa kurudi, usome mkataba huo hata mwisho: miaka mingapi utatumikia, wapi, kwa mshahara gani, nani atanunua kiti na mashine ya eksirei, na itakuwaje kama vita vitafunga hospitali. Sharti la mwisho hili si la woga. Anayelinyamazia huja akashtakiwa kwa kuvunja ahadi ambayo hakuna mwanadamu angeweza kuitimiza.

Na kabla ya kuondoka iko kazi ya kufanywa papo hapo kwetu. Okota meno yaliyong'olewa, uyasafishe na kuyahifadhi kwa njia salama, uyafungue jioni, utafute mifereji, upime urefu, ukate mzizi kwa upana uone ulipokosea. Mia ya meno hayo yatakufundisha mambo ambayo kitabu hakiwezi kuyaonyesha. Zoeza macho yako kusoma picha. Jifunze kutia ganzi ya taya la chini bila kubahatisha, kwani jino lililovimba kiini ni gumu kupoza, na mgonjwa aliyeumizwa mara moja hatarudi. Weka daftari: umri wa mgonjwa, jino gani, lilikuwa katika hali gani, ulifanya nini, na alirudi au hakurudi. Daftari kama hilo, likiandikwa kwa uaminifu, lina nguvu mbele ya walimu wanaochagua wanafunzi kuliko barua ya sifa iliyoandikwa na mheshimiwa asiyekujua.

Nimesikia ikisemwa kwamba bingwa akirudi Fataki atakosa umeme, atakosa maji, na ilimu yake itakauka. Tazameni tena Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake waliokuwa wakifundisha huko walifikiri namna ya kuwatibu watu wa vijijini wasiokuwa na umeme, wakaanza kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono vitupu na kuziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino, na njia hiyo ikachukuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 na kuenezwa nchi nyingi. Ilizaliwa kutokana na upungufu wetu wa Afrika ya Mashariki, na leo hutumika hata kwa watoto wa nchi tajiri wanaoogopa mashine. Tiba ya mizizi haiwezi kurahisishwa kiasi hicho, maana inataka picha na inataka muda; lakini sehemu yake kubwa hutendeka kwa mkono. Sindano za chuma cha pua hazihitaji mota. Kipimo cha urefu wa mfereji kinachotumia betri huonyesha ncha ya mzizi, na huokoa picha nyingi. Mashine ndogo ya eksirei na kompyuta ya mkononi huweza kuendeshwa kwa umeme wa jua. Maji ya javeli, yakipimwa sawasawa na kuchanganywa na maji safi, ndiyo dawa ile ile isafishayo mizizi katika miji mikubwa, mradi yasisukumwe kwa nguvu kupita ncha ya jino, kwani yakivuka huunguza nyama na kumtesa mgonjwa vibaya. Vifaa vingine hupatikana Kampala, vikaingia kwa njia ya Goli na Mahagi, na tabibu mwenye busara huagiza vya miezi mingi barabara ikiwa wazi.

Kazi ambayo bingwa ataikuta tele kwetu ni ya watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hulidhania kuwa la kung'oka, wakaliacha lioze; mizizi yake huwa haijamaliza kukua mpaka miaka 9 au 10. Zamani jino kama hilo likifikiwa na uozo lilihesabiwa limekwisha. Tangu Torabinejad na wenzake wa Loma Linda, California, walipoleta mwaka 1993 saruji ile ya meno inayokubaliana na nyama hai, bingwa anaweza kukata sehemu ya kiini iliyougua, akaifunika iliyobaki, na mzizi ukaendelea kukua mpaka ukamilike. Tiba hiyo mara nyingi humalizika kwa kikao kimoja, na hili ni jambo la thamani isiyo kifani mahali ambapo hujui kama mtoto huyo juma lijalo atakuwa Fataki au katika kambi ya wakimbizi pembezoni mwa Bunia.

Maana tatizo letu kubwa ni mgonjwa kutorudi. Mwongozo wa chama cha mabingwa wa mizizi cha Ulaya husema jino litazamwe kwa picha baada ya mwaka 1 angalau, na lisilopona sawasawa lifuatiliwe hata miaka 4. Nani Djugu anaweza kuahidi kuwa mahali pamoja miaka 4? Kwa hiyo jizoeze kumpa kila mgonjwa karatasi yake mwenyewe, yenye jina la jino, idadi ya mifereji, urefu wa kila mmoja, dawa iliyowekwa na tarehe, akatembee nayo popote. Na pale ambapo tiba ya vikao vitatu haina matumaini ya kumalizika, uwe na ujasiri wa kusema kwamba jino hili ling'olewe leo kwa usafi na bila maumivu. Tiba iliyoachwa katikati, dawa imo ndani na juu mna pamba, ni mbaya kuliko pengo. Ujasiri huo nao hufundishwa, na chuo kizuri hukufundisha ni jino gani usiliguse.

Nina neno pia kwa wakuu wa hospitali za Ituri na kwa viongozi wa makanisa wanaozisimamia. Msimpeleke kijana masomoni, kisha mkamrudisha kwenye chumba chenye koleo na kiti kibovu. Anaposoma, ninyi tayarisheni chumba, kiti, mashine ya kuchemshia vyombo kwa mvuke na paneli za jua. Tena mchagueni muuguzi mmoja ajifunze kumsaidia, kwa kuwa tiba ya mizizi ni ya mikono minne. Na akirudi mpeni siku maalumu za kazi hiyo, asisukumwe kung'oa meno ya foleni nzima kuanzia asubuhi hata jioni, kwani gego moja laweza kumchukua saa mbili.

Nawe tabibu kijana, usingoje amani ikamilike ndipo uanze. Daftari liandike kuanzia mgonjwa wa kesho, Kiingereza au Kifaransa chako ukinoe kila usiku, barua za kuomba nafasi uzipeleke mwaka mzima kabla ya muhula, na ndani ya kila barua uliza bila haya: nitatibu magego mangapi kwa mkono wangu, na nani atakuwa amesimama kando yangu?